Mke wa Karatasini

Ain Lawza, 18 Februari 1998

Wifi yangu Inam,

Salamu ndefu utanidai siku nyingine. Tanuri linawaka na Abu Zuhair wa gari la mjini ameshapiga honi mara mbili, anangoja barua. Sisi wazima, mbuzi mzima, paa linavuja palepale alipopaziba marehemu Taher, kaka yangu. Zipokee hizo.

Umesikia redioni kwamba mwaka huu Lebanoni nzima itachagua mabaraza ya miji na vijiji. Mara ya mwisho nilikuwa msichana mwenye kiuno. Wamesema kila mtu akalitazame jina lake kwenye orodha ya wapigakura, na mwenye kasoro airekebishe kabla ya tarehe kumi Machi. Wenzangu wote wanasema, "Ya nini? Jina haliendi popote." Mimi nikanawa unga mikononi, nikaenda kwa mkuu wetu wa kijiji, mukhtari Abu Nimr, maana orodha imebandikwa mlangoni kwake.

Inam, wamo mpaka wafu. Baba yangu yumo. Wewe uliyehamia mjini zamani umo: Inam, mjane wa Taher. Mimi simo!

Nikamwita Abu Nimr. Akavaa miwani, akaivua, akakohoa. "Shafika, wewe si wa huku. Wewe ni mke wa mtu."

"Mke wa nani, mzee? Wa tanuri?"

"Umeandikwa Kfar Shumra. Mke wa Mundhir."

Wewe ulipoolewa nyumbani kwetu uliambiwa kwamba niliwahi kuchumbiwa, basi. Yalikuwa zaidi ya hayo. Nikahi ilifungwa sebuleni kwetu, nikawa nangoja tu harusi hadi Mundhir amalize kujenga chumba. Chumba hakikuisha. Alikwenda Venezuela bila kuniaga, na mwaka uliofuata talaka ikaletwa kwa mdomo wa ami yake. Sheikh akaja, mashahidi wawili wakaja, wakanywa kahawa, wakaondoka. Ile nikahi Baba aliipeleka mwenyewe ofisi ya usajili asubuhi yake, amevaa koti jipya. Talaka aliiacha hapohapo sebuleni. Alisema hataki kusikia neno "mtalaka" likisomwa na karani pamoja na jina lake.

Kura sikuwahi kupiga. Kwanza Baba alikuwa akisema anakwenda kwa niaba yetu sote, kisha Taher, kisha vita. Kwa hiyo sikujua.

Mwaka huu nataka kugombea. Usicheke. Chemchemi iko mtaa wetu wa chini, lakini bomba linapanda kwanza mtaa wa juu, na sisi tunapata kinachobaki Abu Ghaleb akishamwagilia matufaha yake. Nimechoka kukanda unga kwa maji ya kuomba. Lakini asiyeandikwa kijijini hagombei wala hapigi kura. Tafadhali nenda mahakama ya kadhi hapo mjini, uwaulize nifanyeje.

Na ukiwa huko, waambie wanipunguzie miaka. Mimi nina hamsini na mbili, wote wanajua.

Wifi yako,
Shafika

(Bahasha nimeibana kwa unga uliokandwa. Ikifika imepasuka, Abu Zuhair ameisoma.)


Tarabulus, 22 Februari 1998

Shafika, bi harusi wetu,

Bahasha imefika nzima, ila panya wa gari wameimega pembeni.

Nimecheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka, kisha nikacheka tena. Miaka yote hii nimekuonea huruma kwa kukosa mume, kumbe ulikuwa nacho kitu hicho bila kukifulia hata soksi! Wanawake wangapi wangetaka ndoa ya namna yako?

Nimekwenda mahakamani baada ya zamu yangu ya wodi ya wazazi, ningali na sare. Kadhi ni kijana mpole. Anasema talaka haipo kokote kwa sababu haikuletwa. Anataka mashahidi waliokuwepo, au Mundhir mwenyewe aje akiri mbele yake kwamba alikuacha. Hapo ataandika, na ile karatasi ikifika ofisi ya usajili kabla ya tarehe kumi, jina lako linarudi kwa baba yako. Mashahidi wako hai? Na huyo bwana, unajua yuko wapi?

Kuhusu miaka, nilimwuliza karani kwa utani. Akanitazama kama niliyetaka kuiba kiti chake.

Mimi huku nina langu. Kaka yangu Ghassan anagombea mtaani kwetu, naye amenikalia kooni nirudishe jina langu kwenye daftari la baba yetu nimpigie kura. Mjane ana ruhusa, anasema, nami mume wangu amekufa, nabaki Ain Lawza kwa nini? Fomu ameshaijaza, inangoja sahihi yangu tu. Nimemwambia nitafikiri.

Inam


Ain Lawza, 24 Februari 1998

Inam,

Sheikh amekufa. Mashahidi wote wawili wamekufa. Ami yake Mundhir amekufa. Wanaojua kwamba mimi niliachwa ni mimi na Mwenyezi Mungu, na kadhi wako hatampokea hata mmoja wetu peke yake.

Huyo mtu sijui aliko na usimtafute. Nasema usimtafute, Inam. Nilimngojea miezi kumi na moja nikishona foronya. Nilizishona zote mbili mbili. Nikaja kuambiwa na ami yake, mbele ya mashahidi wanaokunywa kahawa niliyoichemsha mimi mwenyewe. Leo nikamwombe aje aseme alinitupa? Ayaseme hayo akiwa amekaa kitini, mimi nimesimama mlangoni kama mwombaji? Bora Abu Ghaleb ayanywe maji yote.

Na wewe msaidie kaka yako. Damu ni damu. Kwetu umebakiwa na kaburi la Taher na mimi tu, na sisi wawili hatukulazimishi.

Hapa wameshaanza. Jana Abu Ghaleb alipita tanurini na nywele zake zilizopakwa rangi, akanunua mkate mmoja ili apate kusema: "Nasikia bibi unataka kuingia barazani. Baraza la Kfar Shumra au la wapi?" Nikamwambia mkate huo aule kavu, maana maji yote yako kwake. Wanawake wakacheka. Akaondoka, mimi nikaingia ndani nikalia. Ndiyo, nililia.

Shafika


Tarabulus, 4 Machi 1998

Shafika,

Haraka haraka. Kadhi ameridhika. Karatasi imeandikwa na leo asubuhi nimeifikisha mwenyewe ofisi ya usajili, nikasimama pale hadi karani akaigonga mhuri. Usiniulize imekuwaje. Wewe kanda unga wako, mimi niachie ya mjini.

Umri wako hawakuugusa.

Inam


Tarabulus, 5 Machi 1998

Kwa Bi Shafika, mke mwenzangu,

Usishtuke, na usiichome barua hii kabla ya kuimaliza. Mimi ni Nuhad, mke wa pili wa Mundhir. Au wa pekee, kama kadhi alivyoamua juzi.

Mundhir alirudi kutoka Venezuela zamani na mfuko mtupu. Tukafungua duka la vitamu hapa Al-Mina, bandarini. Nilipokwenda kuchukua cheti cha familia ili mtoto wangu wa kwanza aanze shule, nikaona wewe umeandikwa juu yangu. Shafika, mke. Mundhir aliapa kwamba ulikwisha kuachwa. Lakini mwanamume gani haapi? Kila Ijumaa alikuwa akichukua bunduki anapanda milimani, anarudi na ndege wawili wembamba kama penseli. Nikasema moyoni, hakuna mtu anayetembea kutwa kwa ajili ya ndege hawa. Huyu anakwenda kwa Shafika.

Dada yangu, nimekulaani sana. Nilipokaanga samaki nilisema, kipande hiki hakipati Shafika. Binti yangu alipozaliwa na rangi nyeupe, nilisema, huyo Shafika atapasuka. Nilikupamba kichwani mwangu ukawa mrefu, mwenye nywele hadi kiunoni na sauti nzuri. Nilijipaka hina kwa ajili yako kuliko kwa ajili yake.

Basi Jumatatu akaingia dukani mwanamke mwenye sare ya hospitali. Hakununua kitu. Akaniuliza, "Wewe ndiye mke wa Mundhir?"

Nikamwambia, "Mmojawapo."

Alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la sukari. Ndiye Inam wako. Alikuwa amezunguka maduka ya mtaa mzima akiulizia jina hilo, maana mtu mmoja wodini alimwambia kuna Mundhir wa Kfar Shumra anayeuza halawa ya jibini. Akanieleza yote. Foronya pia. Nikavua aproni palepale.

Mundhir akasema, "Tutakwenda kesho." Nikamwambia kesho ni ya watu wasio na mke mwenza. Nilimshika mkono mpaka kwa kadhi na unga wa sukari masikioni mwake. Kadhi akamwuliza, "Ulimwacha?" Akasema ndiyo. Akamwuliza, "Kwa kosa gani?" Mundhir akasema, "Hakuwa na kosa. Chumba kilinishinda kujenga, nikaona haya kumwambia." Aliyasema hayo amesimama, Bi Shafika. Kiti kilikuwepo, mimi ndiye niliyekikalia.

Inam ameniambia ulimkataza. Usimkasirikie. Wewe ulikwenda kutafuta jina lako mlangoni kwa mukhtari, mimi ndiye niliyepata usingizi. Kwa hilo nakushukuru mpaka kufa kwangu. Nimempa Abu Zuhair sinia la halawa ya jibini. Kipande hiki ni cha Shafika.

Nuhad


Ain Lawza, 8 Machi 1998

Bi Nuhad,

Halawa imefika, imepungua kidogo, na Abu Zuhair ana sukari kwenye masharubu.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye bunduki na ndege nikakaa. Nilipofika kwenye neno "hakuwa na kosa" nikaifunga, nikaitia kifuani, nikatoka nje bila kujua nakwenda wapi. Mkate uliungua. Sijawahi kuunguza mkate tangu mama yangu afariki.

Unajua nilichokuwa nacho miaka yote hii? Nilidhani kuna kitu aliambiwa juu yangu. Ulimi wangu ni mkali, nilidhani alisikia hivyo. Au nilipompa kikombe cha kwanza nilimwaga kahawa. Nilihesabu makosa yangu kama mtu anayechambua mchele. Kumbe ni chumba! Angeniambia, ningekamata mawe na udongo tukajenga pamoja. Mikono yangu ina nguvu.

Mwambie nimemsamehe. Mwambie pia asije huku kuomba radhi, kwa sababu nitampa kazi ya kukata kuni.

Na mimi si mrefu, bibi. Nywele ninazifunga kitambaa tangu zilipoanza kunyonyoka kwa moto wa tanuri. Samaki wako ule kwa amani. Ahsante kwa kumshika mkono. Kama angekuja peke yake asingefika.

Inam nitampiga kwanza, kisha nitambusu mikono.

Shafika bint Abdulrazzak


Tarabulus, 25 Mei 1998

Wifi yangu,

Abu Nimr amempigia simu mkuu wa wodi yetu ili tu niambiwe umo kwenye orodha! Mkuu wa wodi alidhani kuna msiba. Ukitaka kumjulisha mtu jambo la furaha, usimtume Abu Nimr.

Sasa sikiliza. Ghassan hasemi nami. Ile fomu yake ilikuwa mkobani mwangu siku ile nilipopeleka karatasi yako usajili. Karani aliigonga mhuri karatasi yako, akaninyooshea mkono: "Na hiyo nyingine?" Nikaitazama. Nikakumbuka baridi ile aliyokufa Taher, ulivyonihamishia kitanda changu kando ya tanuri na wewe ukalala chini, majira yote ya baridi, na kila asubuhi ukadai kwamba mgongo wako unapenda sakafu. Sikukushukuru wakati ule kwa sababu sikuwa na sauti. Nikamwambia karani, "Hiyo nyingine ni takataka tu." Mimi ni Inam, mjane wa Taher, wa Ain Lawza, na nitabaki hapo.

Jumapili nitapanda na gari la alfajiri. Nitapiga kura na kugeuka, nina zamu ya jioni. Niwekee mkate wenye majani ya zaatari, na usiwe mchoyo wa mafuta.

Inam


Ain Lawza, 2 Juni 1998

Inam wangu, na Nuhad, maana najua mtaisoma barua hii pamoja juu ya gunia la sukari,

Uliondoka mapema mno, Inam. Umekosa kila kitu.

Uliniona asubuhi nikiingia chumba cha wanawake. Nilipotoka uliniuliza kwa nini nimechelewa ndani, nikasema kalamu ilikuwa mbovu. Uongo. Karani alitafuta kwa kidole, akasoma, "Shafika, baba Abdulrazzak," nikamwomba asome tena. Akasoma tena. Nikakaa nyuma ya lile pazia na karatasi mkononi mpaka wakagonga meza.

Jioni wakahesabu darasani, madirisha wazi, kijiji kizima uani. Baraza lina viti tisa. Vinane vikapata wenyewe bila ubishi. Cha tisa wakahesabu, wakahesabu tena, msimamizi akafuta jasho. Mimi na Abu Ghaleb tuko sawa. Kura kwa kura, hakuna aliyezidi hata kwa moja. Inam, kama ungekuwa umeitia sahihi ile fomu ya kaka yako, ningekuwa nimeshindwa na habari ingeishia hapo. Hilo nitalikumbuka kila nitakapofungua bomba.

Msimamizi akafungua kitabu cha sheria. Kura zikilingana, kiti ni cha mwenye umri mkubwa.

Mnamjua Abu Ghaleb. Ana mke mdogo aliyemwoa mwaka juzi, amemwambia ana hamsini, nywele nyeusi tititi. Sasa mtu yuleyule akasimama, akashika mgongo. "Ah, wanangu, mimi ni mzee. Mzee sana. Magoti haya mnayaona?" Mkewe alikuwa dirishani. Uso wake ungeuona!

Na mimi je? Mimi wa hamsini na mbili? Nilisimama pale naomba chini kwa chini kwamba wewe, Inam, na yule karani wako mwenye roho mbaya, hamkunipunguzia hata mwezi.

Msimamizi akataka daftari la familia. Akasoma la Abu Ghaleb kwanza: amezaliwa elfu moja mia tisa arobaini na moja. Watu wakaguna, kwa maana ilikuwa zaidi ya tulivyodhani. Kisha akafunua ukurasa wetu, akasoma kwa sauti ya mwalimu, madirisha wazi, mtaa wa juu na mtaa wa chini wote wakisikia:

"Shafika, binti wa Abdulrazzak. Amezaliwa elfu moja mia tisa thelathini na tisa. Mtalaka."

Lile neno. Hilohilo ambalo Baba aliliacha sebuleni maisha yake yote ili lisije likasikika. Nilifumba macho nikingoja kijiji kinyamaze. Nikasikia kigelegele kimoja kutoka chini ya mlozi, kisha wanawake wote wa mtaa wa chini wakakidaka, ndoo zao mikononi. Nami nikainua mkono, na miaka yangu yote hamsini na tisa, nikasema, "Ndiye mimi."

Shafika